Simu "Imedukuliwa": Kutenganisha Uchakavu na Uvamizi wa Kweli

Betri inakwisha kabla ya adhuhuri, matangazo yanaruka juu ya kioo, kibodi inaandika herufi ambazo hakuna aliyezigusa. Wengi wakiona hayo husema simu imeingiwa na virusi, kisha hupakua programu ya kwanza inayoahidi kuisafisha. Hapo ndipo tatizo dogo linapogeuka kuwa kubwa, kwa sababu nyingi ya programu hizo za kusafisha ndizo zenye matangazo na ruhusa za kutisha.

Ukweli ni kwamba dalili zenye kelele mara nyingi hutokana na betri, hifadhi, chaja au arifa za kivinjari. Mvamizi aliye makini hafanyi kelele, na anayemtafuta anapaswa kuangalia ruhusa na akaunti, si kupima joto la simu kwa kiganja. Hatua zilizo hapa ni za Android hasa, na iPhone imetajwa pale inapotofautiana. Majina ya menyu hubadilika kidogo kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo tumia kisanduku cha utafutaji kilicho juu ya Mipangilio pale usipoona jina lenyewe.

Anza na hali salama

Hali salama huwasha simu ikiwa na programu za mfumo tu, na kila ulichosakinisha mwenyewe hulala. Kwa simu nyingi, shikilia kitufe cha kuwasha hadi menyu ya kuzima itokee, kisha gandamiza neno Zima kwa sekunde mbili tatu mpaka uulizwe kama unataka hali salama. Simu nyingine huhitaji kuzimwa kabisa, kisha kushikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati inawaka. Maandishi ya "Hali salama" yatakaa pembeni ya kioo. Ukitaka kutoka, izime na kuiwasha upya.

Itumie hivyo kwa saa moja au mbili. Dalili ikitoweka, mkosaji ni programu mojawapo uliyosakinisha. Ikibaki vilevile, lawama inahamia kwenye mfumo au kwenye vifaa vyenyewe: betri, kioo, chaja. Jaribio hili halina gharama, na linafaa kutangulia fundi yeyote. iPhone haina hali ya namna hii.

Matangazo yanayoruka juu ya kila kitu

Vyanzo ni viwili, na tiba yake ni tofauti kabisa.

Cha kwanza ni arifa za kivinjari. Tovuti inaonyesha ujumbe kwamba ubonyeze "Ruhusu" ili uthibitishe kuwa wewe si roboti, au ili video ianze. Ukibonyeza, umeipa haki ya kukutumia arifa saa yoyote, hata kivinjari kikiwa kimefungwa. Ndizo zile zinazodai simu yako ina virusi kumi na tatu na zimebaki dakika mbili. Hakuna tovuti inayoweza kuhesabu virusi ndani ya simu yako. Haina njia ya kuvifikia. Arifa ya aina hii ikitokea, usiibonyeze. Igandamize kwa muda mrefu, nayo itakuonyesha imetoka programu gani na, kwa Chrome, tovuti gani. Kisha fungua Chrome, vitone vitatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa, uondoe ruhusa ya kila tovuti usiyoifahamu. Ushauri wangu ni kuzima kabisa ombi la arifa kutoka tovuti zote. Ni watu wachache mno wanaozihitaji, na hasara yake ni kubwa kuliko faida.

Cha pili ni programu yenye tangazo linalofunika kioo kizima, mara nyingi pale unapofungua kioo au unapotoka kwenye programu nyingine. Tangazo likiwa bado lipo, bonyeza kitufe cha programu za hivi karibuni. Kadi ya juu itaonyesha ikoni ya programu iliyolileta. Zingine hujificha kwa ikoni nyeupe isiyo na jina, na hilo lenyewe ni ushahidi. Ukishindwa kuikamata hivyo, nenda Mipangilio, Programu, Ufikiaji maalum wa programu, Kuonyesha juu ya programu zingine. Programu ya ujumbe yenye viputo vya mazungumzo ina sababu ya kuwa humo. Tochi haina. Kisoma msimbo wa QR hakina. Kibodi ya mapambo, picha za mandhari na "kiongeza kasi" havina.

Ikiwa programu haina ikoni kwenye skrini ya mwanzo, usidhani haipo. Orodha kamili iko kwenye Mipangilio, Programu, Angalia zote, na humo hakuna programu ya kawaida inayoweza kujificha.

Simu inajibonyeza yenyewe

Hii ndiyo dalili inayowatisha watu kuliko zote, na karibu kila mara ni ya umeme au ya kioo. Kioo cha mguso hupima mabadiliko madogo sana ya chaji ya umeme pale kidole kinapokaribia. Chaja duni isiyochuja umeme vizuri hupitisha kelele za umeme hadi kwenye kioo, na kioo huzisoma kama vidole.

Chomoa chaja. Dalili ikikoma papo hapo, badilisha chaja na waya wake, na hakuna jambo zaidi la kutafuta. Ikiendelea, futa kioo kwa kitambaa kikavu, kisha bandua kinga ya kioo, kwa maana kinga iliyonyanyuka pembeni ikaingiwa na unyevu huleta miguso ya uongo. Baada ya hapo washa Chaguo za wasanidi programu: Mipangilio, Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara 7. Ndani ya menyu hiyo mpya kuna chaguo la kuonyesha mahali pa kiashiria, ambalo huchora mstari kwa kila mguso. Weka simu mezani usiiguse. Mistari ikijichora daima sehemu ileile, au kwa safu moja iliyonyooka, kioo kimeharibika na dawa yake ni kukibadilisha.

Kuna sababu moja ya hatari ya kweli: betri iliyovimba. Inasukuma kioo kutoka ndani. Tazama simu kwa ubavu, uone kama kioo kimenyanyuka au mgongo umetuna. Ikiwa hivyo, izime, usiichaji tena, usiibonyeze irudi mahali pake na usijaribu kuitoboa. Betri ya lithiamu iliyotobolewa huweza kuwaka moto.

Je, mvamizi hawezi kubonyeza kioo kutoka mbali? Anaweza, na kuna familia za programu hasidi za benki zilizofanya hivyo, kama Anubis, Cerberus na SharkBot. Lakini mibonyezo yake ina kusudi: inafungua programu ya benki, inajaza kiasi, inathibitisha. Tena hutokea wakati kioo kimefunikwa na picha nyeusi au maandishi ya "inasasisha". Miguso inayorukaruka ovyo, ikifungua kikokotoo kisha kamera kisha kufunga vyote, haina mtu nyuma yake.

Betri na joto

Betri ya lithiamu hupungua uwezo kwa kila mzunguko wa kuchaji. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, hata kama umeitumia kwa siku mbili. Kwa iPhone za kabla ya iPhone 15, Apple inakadiria betri kubaki na asilimia 80 ya uwezo wa awali baada ya mizunguko 500; kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1000. Hesabu rahisi: simu inayochajiwa kikamilifu kila siku hufika mizunguko 500 ndani ya mwaka mmoja na miezi michache.

Kinachosahaulika ni kwamba betri kuukuu haipungui ujazo tu. Ukinzani wake wa ndani huongezeka, hivyo pale prosesa inapohitaji umeme mwingi ghafla, volti huporomoka na simu huzimika ikiwa bado inaonyesha asilimia 20 au 30. Ukipiga picha kwa mmweko wa kamera, inazimika. Ukiirudisha kwenye chaja, inaonyesha asilimia 18. Hiyo si hujuma. Ni kwa sababu hiyo Apple mwaka 2017 iliongeza kwenye iOS utaratibu wa kupunguza kasi ya iPhone zenye betri dhaifu, na Desemba mwaka huo ikaomba radhi kwa kutowaeleza wateja. Betri mpya hurudisha kasi ya simu hizo.

Kwa iPhone, angalia Mipangilio, Betri, Afya ya betri. Baadhi ya simu mpya za Android huonyesha idadi ya mizunguko ndani ya Kuhusu simu. Kwa zisizoonyesha, angalia tabia: kuzimika ghafla, asilimia kuruka kutoka 40 hadi 25, na kujaa haraka mno.

Joto nalo lina maelezo mengi ya kawaida. Mawimbi hafifu ya mtandao hulazimisha redio ya simu kutuma kwa nguvu zaidi. Kugawa intaneti kwa wengine huku unachaji, kutumia ramani simu ikiwa juani, kucheza mchezo mzito kwenye kava nene: yote hupasha. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa na zaidi ya nyuzi 45 za selsiasi, na simu nyingi zitapunguza au kusimamisha chaji zinapokaribia hapo. Joto la kutilia shaka ni lile la simu iliyolala, kioo kimezimwa, chaja imechomolewa, mtandao mzuri. Hapo fungua Mipangilio, Betri, Matumizi, uone programu gani imefanya kazi chinichini.

Polepole

Jambo hili halihitaji maneno mengi. Hifadhi ya simu iliyojaa hupunguza kasi kwa sababu kumbukumbu ya aina hii haiandiki juu ya data ya zamani moja kwa moja; lazima ifute kizuizi kizima kwanza, na ikikosa nafasi huru hulazimika kuhamisha data huku na huko kabla ya kuandika. Acha angalau asilimia 10 hadi 15 wazi. Kwa wengi, mzigo uko kwenye WhatsApp: Mipangilio, Hifadhi na data, Dhibiti hifadhi, kisha anza na faili zinazozidi MB 5 na zile zilizosambazwa mara nyingi. Usiku mmoja kwenye chaja baada ya kufuta pia husaidia, kwani Android tangu toleo 4.3 hufanya usafi wa ndani simu ikiwa imetulia.

Programu za kusafisha RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi) ondoa. Android yenyewe hufunga programu pale kumbukumbu inapopungua. Ukizifunga kwa nguvu, zinaanza upya sekunde chache baadaye, na kuanza upya hula umeme mwingi kuliko kukaa kimya.

Programu zinajifunga, tovuti zinakataa

Programu moja ikijifunga, futa akiba yake (data ya muda iliyojiwekea), isasishe, kisha isakinishe upya. Nyingi zikianza kujifunga siku moja, mshukiwa ni kijenzi cha mfumo kiitwacho Android System WebView, kinachozionyeshea programu kurasa za wavuti. Machi 2021 sasisho lake lenye kasoro liliangusha programu duniani kote, watu wakadhani wameshambuliwa. Dawa ni kukisasisha pamoja na Chrome kutoka Play Store, au kuondoa masasisho yake kwa muda.

Kivinjari kikionya kwamba muunganisho si wa faragha kwenye tovuti zote, angalia tarehe kwanza. Saa ya simu ikirudi nyuma baada ya betri kuisha kabisa, kila cheti cha usalama, yaani kitambulisho cha tovuti chenye tarehe zake, kitaonekana batili. Washa tarehe na saa za kiotomatiki. Kwa simu zenye Android 7.0 au ya chini, kuna sababu nyingine: hazina cheti mzizi kipya (kile ambacho simu hukitumia kuthibitisha vyeti vingine) cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti kwa sehemu kubwa ya wavuti. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti mizizi, kwa hiyo huweza kufungua tovuti ambazo Chrome ya zamani ya simu hizo hukataa.

Lakini onyo hilo likitokea kwenye Wi-Fi moja tu ya watu wengi, na data ya laini yako haina tatizo, usilipuuze wala kubonyeza "endelea". Huenda ni ukurasa wa kuingilia tu wa mtandao ule. Huenda pia kuna anayejiweka katikati yako na tovuti. Kutoka kwenye mtandao huo hakukugharimu kitu.

Mahali mvamizi anapokaa kweli

Sasa acha dalili na uende kwenye ruhusa. Sehemu nne zinatosha kukamata karibu programu zote hasidi na za upelelezi ambazo mtu wa kawaida anaweza kukutana nazo.

Ya kwanza na muhimu kuliko zote ni Ufikivu. Huduma hizi ziliundwa kwa ajili ya wasioona na wenye ulemavu mwingine, kwa hiyo zina uwezo wa kusoma kila kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba ya mtumiaji. Programu hasidi ikiupata uwezo huo, imepata nenosiri, msimbo wa benki na ujumbe wako. Fungua Mipangilio, Ufikivu, Programu zilizopakuliwa. Kwa watu wengi orodha hii inapaswa kuwa tupu, au kuwa na kidhibiti cha nenosiri. Kuanzia Android 13, programu iliyosakinishwa kwa faili kutoka nje ya duka huzuiwa kuiomba ruhusa hii mpaka mtumiaji aifungulie kwa makusudi. Mtu akikuelekeza kwa simu jinsi ya kuifungulia, kata.

Ya pili ni Programu za msimamizi wa kifaa, ndani ya Usalama. Programu iliyo humo haikubali kuondolewa, na ndiyo sababu watu hubonyeza Ondoa bila mafanikio. Ya tatu ni ufikiaji wa arifa, unaoiruhusu programu kusoma misimbo ya siri inayofika kwa ujumbe. Ya nne ni Sakinisha programu zisizojulikana: kivinjari na WhatsApp havipaswi kuwa na ruhusa hiyo.

Utaratibu wa kuondoa una mpangilio wake, na ukiuvuruga utakwama. Washa hali ya ndegeni ili programu isipokee amri. Ingia hali salama. Ondoa kwanza haki ya msimamizi wa kifaa, kisha zima Ufikivu, kisha ondoa programu yenyewe. Zingine hufunga ukurasa wa mipangilio kila ukiufungua. Zinafanya hivyo kwa kutumia Ufikivu, na ndani ya hali salama hazina nguvu hiyo. Mwisho fungua Play Store, picha ya wasifu, Play Protect (kikaguzi cha usalama cha Google), uchanganue.

Kuhusu kitone cha kijani pembeni juu ya kioo: tangu Android 12 kinaonyesha kamera au maikrofoni inatumika. Kwa iPhone, tangu iOS 14, kijani ni kamera na chungwa ni maikrofoni. Kikitokea bila sababu, telezesha chini na ukiguse, kitataja programu.

Jambo moja la tahadhari. Ikiwa unashuku kwamba mtu wa karibu mwenye ukali ndiye aliyekuwekea programu ya upelelezi, fikiri kabla ya kuiondoa, kwa sababu ataona imenyamaza. Tafuta msaada kwa kutumia simu nyingine kwanza.

Akaunti, si simu

Mara nyingi simu ni safi na kilichovamiwa ni akaunti. Kwenye WhatsApp fungua Vifaa vilivyounganishwa. Kifaa usichokijua, kiondoe. Weka uthibitishaji wa hatua mbili wenye tarakimu 6. Kama umeshanyang'anywa akaunti, isajili tena kwa namba yako: mwizi atatolewa papo hapo, ingawa akiwa ameweka PIN yake itakubidi usubiri siku 7 kabla ya kuingia bila hiyo. Kwenye akaunti ya Google, fungua Usalama, Vifaa vyako, utoe vyote usivyovitambua, ndipo ubadilishe nenosiri. Libadilishe ukitumia kifaa kingine kama simu bado ina shaka, la sivyo unalikabidhi jipya kwa mwizi yuleyule.

Misimbo ya *#21# na *#62# husambazwa kama vipima udukuzi. Haipimi udukuzi. Inaonyesha tu kama simu unazopigiwa zinaelekezwa kwingine: ya kwanza daima, ya pili pale usipopatikana. Namba inayotokea kwenye *#62# kwa kawaida ni ya ujumbe wa sauti wa mtandao wako. Namba ya mtu usiyemjua kwenye *#21# ni suala jingine, na ##002# hufuta uelekezaji wote. Ujanja hasa uko upande wa pili: tapeli hukushawishi upige **21* ikifuatiwa na namba yake na alama ya reli (#), kisha anaomba msimbo wa WhatsApp kwa njia ya kupigiwa, na simu hiyo inamfikia yeye.

Laini ikipoteza mtandao ghafla mahali ambapo wengine wa mtandao uleule wanapata, na kuwasha upya hakusaidii, usingoje. Piga huduma kwa wateja kwa simu nyingine uulize kama laini yako imehamishiwa kadi nyingine, kisha iombe benki ikufungie akaunti.

Kufuta simu yote

Fanya hivi ikiwa programu hasidi imekataa kuondoka, au ilikuwa na Ufikivu kwa muda usioujua. Hakikisha unakumbuka akaunti ya Google na nenosiri lake, kwa sababu simu za tangu Android 5.1 zinaweza kukataa kufunguka baada ya kufutwa bila akaunti ile iliyokuwepo. Hifadhi picha na majina. Usihifadhi faili za usakinishaji wa programu. Ukimaliza, sakinisha programu moja moja kutoka duka badala ya kurudisha nakala yote, kwani nakala inaweza kumrudisha aliyefukuzwa.

Matangazo au programu ngeni zikirudi ndani ya saa chache za simu iliyofutwa, kabla hujasakinisha kitu, basi zimo kwenye kizigeu cha mfumo, mahali ambapo kufuta hakufiki. Imewahi kuthibitishwa kwa simu za bei ya chini zilizotoka kiwandani zikiwa na programu hasidi iitwayo Triada. Kinachohitajika hapo ni kuandika upya mfumo mzima kwa faili rasmi ya kampuni iliyotengeneza simu, ya modeli hiyo hasa. Ikiwa kampuni haitoi faili hiyo, au faili rasmi ndiyo yenye uchafu, usiweke benki wala barua pepe kwenye simu hiyo tena.